Nguvu ya Bolti Imo Katika Mkazo Wake

Malori yatokayo Nimule, yakiisha kumaliza kilomita 192 za lami, hayana njia ya kuingia mjini Juba ila kwa kuvuka Mto Nile Mweupe. Barabara hiyo, ambayo ilifunguliwa rasmi mwaka 2012, yapita upande wa mashariki ya mto, ilhali mji wenyewe uko magharibi. Unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na saruji, kabla ya kufika katika masoko ya Konyo Konyo na Custom, hubebwa kwanza juu ya chuma cha daraja. Kwa hiyo habari ya daraja si habari ya wahandisi peke yao. Ni habari ya sufuria iliyo jikoni.

Daraja la zamani la Juba lilijengwa katika miaka ya 1970 kwa fremu za chuma zilizounganishwa, namna ya madaraja yaitwayo ya Bailey. Kwa muda mrefu ndilo lililoubeba mji. Daraja la pili, liitwalo Daraja la Uhuru, lenye urefu wa mita 560, lilijengwa kwa msaada wa Japani. Ujenzi wake ulianza mwaka 2013, ukakatizwa na mapigano ya mwaka huo huo, ukakatizwa tena mwaka 2016, na hatimaye daraja likafunguliwa tarehe 19 Mei 2022.

Mtu avukaye daraja la fremu kwa miguu, lori likimpita, huusikia mtetemo ukipanda kutoka kwenye nyayo mpaka kwenye meno. Wengi hudhani kwamba mtetemo huo ni mchezo tu wa chuma, nao wakishafika ng'ambo huusahau. Lakini kuna kazi nzima ya elimu, yenye hesabu ndefu na kompyuta kubwa, ambayo shabaha yake ni kujua jambo moja: kitu kilichoungwa kwa bolti kitatetemekaje, na kwa muda gani kitastahimili. Na katika hesabu hiyo yote, mahali panapowasumbua wahandisi zaidi si kwenye mihimili mirefu wala kwenye nguzo nene. Ni pale penye bolti.

BOLTI SI MSUMARI

Mwanzo wa kosa ni kudhani kwamba bolti ni msumari mnene. Msumari hushika kwa kuziba tundu na kuuma mbao pande zote. Bolti iliyokazwa vema haifanyi hivyo. Tundu lake ni kubwa kidogo kuliko mwili wake, na yenyewe huweza kukaa katikati bila kugusa ukuta wa tundu. Kazi yake ni kubana. Nati inapozungushwa, bolti huvutwa ikarefuka, kama mpira wa manati unaovutwa, nayo kwa kutaka kurudi urefu wake wa zamani huyagandamiza mabamba mawili yaliyo kati ya kichwa na nati. Mabamba yakigandamizwa, msuguano baina yao huyazuia yasiteleze. Basi kinachobeba mzigo ni msuguano huo; bolti ni mlinzi wake.

Tazama mfano wa hesabu. Bolti ya chuma kigumu yenye kipenyo cha milimita 20, ya daraja la ugumu 8.8 linalotumika sana katika majengo ya chuma, ikikazwa kama ipasavyo hubana kwa nguvu ipatayo tani 14. Bolti moja tu! Ikiwa nyuso za mabamba zimesafishwa kwa kupigwa mchanga hata zikawa na mikwaruzo, msuguano waweza kuzuia mvutano wa tani 7 hivi kabla ya mabamba kuteleza. Ikiwa nyuso hizo ziliachwa kama zilivyotoka kiwandani, bila kusafishwa, bolti ile ile haizuii hata tani 3. Nguvu ya kiungo haimo ndani ya bolti peke yake. Imo pia katika usafi wa nyuso zilizobanwa.

Na je, bolti hiyo imerefuka kiasi gani hata ikabana kwa tani 14? Mabamba yakiwa na unene wa jumla ya milimita 50, urefu ulioongezeka hauzidi sana milimita 0.14. Ni kama unene wa ukurasa mmoja wa daftari, au zaidi kidogo. Katika kipimo hicho kidogo ndimo ilimowekwa akiba yote ya nguvu. Kutu ikiliwa na kukwanguka chini ya kichwa cha bolti, au rangi iliyopakwa kwa wingi ikipondeka, mabamba yakasogeleana milimita 0.03 tu, karibu sehemu moja ya tano ya mbano wote imepotea. Nati haijazunguka hata kidogo. Mtu akiitazama ataiona iko pale pale. Lakini bolti imelegea.

Liko na jambo la pili ambalo mafundi wazuri hulijua kwa mikono yao. Nguvu anayoitia mtu kwenye spana haiingii yote katika kuvuta bolti. Kwa kawaida nusu yake hivi huliwa na msuguano chini ya nati au kichwa, na sehemu nne katika kumi huliwa na msuguano wa meno ya bolti. Kinachobaki kuvuta bolti ni kama sehemu moja katika kumi. Kwa sababu hiyo, bolti yenye kutu na bolti iliyotiwa grisi, zikikazwa kwa mkono mmoja na spana moja, hazibani sawa hata kidogo. Ile ya kwanza yaweza kumchosha fundi bila kubana, na ile ya pili yaweza kukatika.

MTETEMO HUFANYA NINI

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba nati hulegea kwa sababu bolti huvutwa na kuachiliwa, kuvutwa na kuachiliwa. Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, alitangaza matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba adui mkubwa zaidi ni mwendo wa kando. Mabamba yanapoteleza kwenda kulia na kushoto, hata kwa kipimo kidogo kabisa, msuguano uliokuwa ukiishika nati hupotea kwa dakika ile ya kuteleza, na mshazari wa meno ya bolti huisukuma nati irudi nyuma. Mtelezo mmoja si kitu. Lakini mashine huzunguka maelfu ya mara kwa saa, na malori hupita mchana kutwa. Mashine ya Junker iliweza kulegeza bolti mbele ya macho ya watazamaji, na njia yake hutumika mpaka leo kuzipima nati na washa. Washa zile za springi zilizokatwa upande mmoja, ambazo mafundi wengi huzitegemea, zimeonekana katika majaribio ya namna hiyo kuwa na msaada mdogo sana.

Hapa ndipo bahati mbaya hujizungusha kama gurudumu. Bolti ikipoteza mbano kidogo, mabamba huanza kuteleza. Yakiteleza, nati hurudi nyuma. Nati ikirudi, mbano hupungua tena, na mtelezo huzidi. Kisha bolti ya jirani hulazimika kuubeba mzigo wa mwenzake, nayo huchoka mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika chuma ufa wa kwanza hauonekani kwa macho.

Askari wana sababu yao wenyewe ya kuijua habari hii. Tarehe 12 Aprili 1831, kikosi cha askari 74 wa Uingereza kilikuwa kikirudi kambini kikiwa katika mistari ya watu wanne wanne. Kilipofika juu ya daraja la minyororo la Broughton, karibu na mji wa Manchester, wanajeshi waliona kwamba daraja linacheza kwa kufuata miguu yao. Wakafurahi, wakapiga hatua kwa nguvu zaidi. Mara daraja likaanguka upande mmoja, na watu wapatao 40 wakatumbukia mtoni. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa maji yalikuwa machache, ila watu 20 hivi waliumia. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba bolti moja iliyoshika mnyororo kwenye nanga yake ilikatika. Tangu hapo jeshi la Uingereza liliamuru askari wavunje hatua wanapovuka daraja. Miaka 19 baadaye, tarehe 16 Aprili 1850, daraja la nyaya mjini Angers, Ufaransa, lilianguka wakati wa dhoruba, kikosi kikiwa juu yake. Watu 226 walikufa. Huko nanga za nyaya zilikuwa zimeliwa na kutu mahali pasipoonekana.

HESABU YA CHUMA KINACHOCHEZA

Kila kitu chenye uzito na ukakamavu kina mtetemo wake wa asili. Mtoto akikaa kwenye pembea iliyofungwa mwembeni, pembea huenda na kurudi kwa mwendo wake yenyewe, na anayemsukuma akisukuma kwa wakati ule ule hata kwa kidole, pembea hupanda juu. Daraja nalo ni hivyo. Ukakamavu ukizidi, hutetemeka kwa haraka. Uzito ukizidi, hutetemeka polepole. Kanuni yake yasema kwamba idadi ya mitetemo kwa sekunde hufuata kipeo cha pili cha ukakamavu uliogawanywa kwa uzito, yaani kile kipeo kinachotafutwa kwa kurudi nyuma: kipeo cha 4 ni 2, cha 9 ni 3. Kwa hiyo ukakamavu ukipungua ukawa robo, mitetemo hupungua ikawa nusu. Kijia cha chuma kinachotetemeka mara 4 kwa sekunde, kikilegea kiasi hicho, kitatetemeka mara 2. Na askari katika gwaride hupiga hatua kama 120 kwa dakika, yaani mara 2 kwa sekunde. Mfano huu ni wa hesabu tu, lakini hatari yake ni ya kweli: ulegevu waweza kukishusha kitu kilichokuwa salama mpaka kikakutana na hatua za watu, au na mdundo wa lori, ambalo juu ya springi zake hudunda kama mara 2 mpaka 4 kwa sekunde.

Pembea ni rahisi kuhesabu. Daraja lenye fremu mamia na bolti maelfu si rahisi. Ndiyo maana katikati ya karne iliyopita wataalamu walibuni njia ya kulikata umbo lolote katika vipande vidogo vyenye idadi inayohesabika. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walitoa maandishi mashuhuri juu ya njia hiyo, iliyotokana na kazi ya mabawa ya ndege, na mwaka 1960 Clough akaipa jina inalojulikana nalo hata leo, njia ya elementi zenye kikomo. Kila kipande, yaani elementi, huandikiwa uzito wake na ukakamavu wake. Vipande huunganishwa kwenye ncha zao ziitwazo vifundo. Kisha kompyuta huzitatua hesabu zote kwa pamoja, nayo hutoa orodha: mtetemo wa kwanza wa daraja ni huu, wa pili ni huu, na katika kila mmoja sehemu hii hupanda, ile hushuka.

Kazi hii hufanana na ya mshonaji ambaye, kabla ya kukata kitambaa cha thamani, huchora nguo katika karatasi. Mchoro ukiwa sahihi, nguo itakaa. Mihimili huchorwa kwa urahisi, maana ukakamavu wa chuma unajulikana. Lakini bolti ichorweje?

NJIA NNE ZA KUICHORA BOLTI

Njia ya kwanza ni kusema kwamba mabamba mawili ni kitu kimoja, kana kwamba yamegandishwa kwa gundi isiyoachia. Ni njia ya haraka. Kasoro yake ni kwamba huliona daraja kuwa kakamavu kuliko lilivyo, na mitetemo inayohesabiwa hutoka juu kuliko ile ya kweli. Mhandisi hufurahi katika karatasi, naye hajui kwamba daraja halisi limekaribia mdundo wa malori.

Njia ya pili ni kinyume chake: kusema kwamba kiungo ni bawaba ya mlango, huzunguka bila kizuizi. Hapo mitetemo hutoka chini mno. Ukweli hukaa baina ya gundi na bawaba, na kwa kuihesabu mara mbili, mara moja kwa kila njia, mhandisi mwangalifu hupata angalau mipaka ya juu na ya chini.

Njia ya tatu ni kuweka springi mahali pa bolti. Springi hiyo huandikiwa ukakamavu wa kuvutwa, wa kutelezeshwa kando na wa kupindwa. Ni njia inayotumika sana, nayo ni nzuri endapo namba za springi zimetoka katika vipimo na si katika kubahatisha. Ubora wake ni kwamba kiungo kimoja hakihitaji vipande vingi, na daraja zima laweza kuhesabiwa kwa muda mfupi.

Njia ya nne ni kuichora bolti yenyewe, kukaza nati ndani ya kompyuta mpaka mbano ufikie zile tani 14, kisha kuyaacha mabamba yagusane yenyewe. Hapo huonekana jambo ambalo jicho halilioni: mgandamizo hauenei bamba zima, bali hukusanyika kuizunguka bolti kama umbo la pia iliyosimama. Mbali kidogo na bolti mabamba hugusana kwa unyonge, na mbali zaidi huachana. Kwa hiyo kinachopaswa kugandishwa katika hesabu ya mitetemo ni duara lile dogo tu lililobanwa, wala si bamba zima. Wahandisi wengi huifanya hesabu kwa hatua mbili: kwanza hukaza bolti na kutazama wapi pamebanwa, kisha huihesabu mitetemo huku wakiishika hali hiyo isibadilike.

Msomaji na aone kilichofichwa katika hatua hizo mbili. Kompyuta imeambiwa kwamba bolti imekazwa. Imeamini. Mitetemo yote iliyoandikwa baada ya hapo ni ya daraja lenye bolti zilizokazwa. Siku bolti hizo zikilegea, karatasi zile hazielezi tena daraja lililoko mtoni.

FAIDA INAYOKULA MTAJI

Kuna fumbo jingine katika viungo vya bolti. Kitu kilichochomelewa, kikigongwa, hulia kwa muda mrefu kama kengele. Kitu cha bolti hunyamaza upesi, kwa sababu misuguano midogo kwenye viungo huila nguvu ya mtetemo na kuigeuza joto. Kanuni za ujenzi za Ulaya zimeandika jambo hili kwa namba. Katika madaraja ya chuma yaliyochomelewa, kila mtetemo huwa mdogo kuliko uliotangulia kwa asilimia 2 hivi. Yaliyofungwa kwa bolti zenye nguvu kubwa, kwa asilimia 3. Yaliyofungwa kwa bolti za kawaida, kwa asilimia 5 hivi.

Mtu asiyefikiri zaidi angesema: basi tuzilegeze bolti kidogo ili daraja litulie haraka. Hilo ni kosa la hatari. Msuguano ule unaotuliza mtetemo, ukizidi na kuwa mtelezo wa kiungo kizima, ndio ule ule unaoirudisha nati nyuma na kulila tundu. Ni sawa na familia inayoishi kwa kuuza mbegu: njaa imepoa leo, na msimu ujao hakuna cha kupanda. Kwa hiyo mhandisi huchukua utulivu unaotokana na kiungo kilichobanwa vema, hauombi zaidi.

Ili asidanganywe na karatasi zake, mhandisi hulipima daraja lenyewe. Vipima mtikiso hufungwa sehemu mbalimbali, na upepo na magari huachwa yalitikise. Mitetemo iliyopimwa hulinganishwa na ile ya kompyuta, na namba za springi hurekebishwa mpaka pande mbili zikubaliane. Baada ya miaka kipimo hurudiwa. Ikiwa mitetemo imeshuka asilimia 10, ukakamavu umepungua karibu asilimia 19, na hapo pana jambo la kutafutwa. Hata hivyo vipimo hivi vina mpaka. Joto la jua pekee laweza kuibadilisha mitetemo kidogo, na bolti moja iliyolegea katika maelfu haionekani katika mtetemo wa daraja zima. Kompyuta huona msitu. Mti mmoja mmoja huonekana na mtu mwenye nyundo, spana na taa, anayepanda fremu kwa fremu.

DARAJA LA ASKARI

Daraja la Bailey lilibuniwa na mhandisi wa Kiingereza, Donald Bailey, mwaka 1940, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, nalo lilitumika kuanzia Afrika ya Kaskazini mpaka Italia na Ulaya. Fremu yake moja ina urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 260 hivi, mzigo wa askari sita. Fremu huunganishwa kwa pini nene, na mikono ya kuimarisha hufungwa kwa bolti. Lilikusudiwa liungwe na askari kwa mikono yao, bila kreni.

Pini si bolti. Haibani, huingia katika tundu lililo kubwa kidogo kuliko yenyewe. Nafasi hizo ndogo, zikijumlishwa kutoka fremu hadi fremu, hulifanya daraja lipinde kidogo katikati hata kabla ya gari kupita. Katika kompyuta haifai kuichora pini kama gundi. Tena daraja hilo hutetemeka kwa namna moja likiwa tupu na kwa namna nyingine likiwa na lori zito, maana mzigo huzisukuma pini upande mmoja na kuzikaza. Kadiri matundu yanavyoliwa, ndivyo pini zinavyogonga kwa nguvu zaidi, na ndiyo sababu daraja la namna hii hudai kukaguliwa mara nyingi kuliko daraja lililochomelewa.

Kwa polisi wa barabarani, elimu hii ina tafsiri iliyo nyepesi. Kikomo cha uzito kilichoandikwa mlangoni mwa daraja si tishio la serikali. Ni jibu la hesabu. Agizo la mwendo wa polepole ni jibu la hesabu pia, maana lori lirukalo shimo kwenye maingilio huliangukia daraja kwa nguvu kuliko uzito wake. Agizo la kuacha nafasi baina ya malori lina maana hiyo hiyo. Askari anayempitisha dereva mwenye mzigo uliozidi, kwa urafiki au kwa kitu kidogo, amebadilisha namba katika hesabu bila kumwambia aliyeihesabu. Na mtu anayefungua bolti ya daraja ili auze chuma chakavu, ameiba gunia la unga la kila nyumba.

MAMBO YA NYUMBANI

Nyumbani nako ziko bolti. Mjini Juba nyumba na maduka mengi hutegemea jenereta, na mitaani mashine za kusaga nafaka huunguruma kutwa. Jenereta inayotembea sakafuni, mashine ya kusaga iliyoanza kupiga kelele mpya, kitanda cha chuma kinacholia, bodaboda yenye gurudumu linalocheza: vyote vinasema neno moja. Yafuatayo huwafaa wote:

Kwanza, mashine izimwe kabisa kabla ya kuguswa, na mkanda usimame.

Pili, nyuso zinazobanwa zisafishwe. Kutu, grisi na rangi nene baina ya mabamba huondoa msuguano na kulegeza mbano.

Tatu, bolti zilizopangwa kwa duara zikazwe kwa kukingamana, moja na ile inayoielekea, kidogo kidogo kwa zamu, si moja mpaka mwisho kisha nyingine.

Nne, palipoandikwa kipimo cha kukaza, itumike spana ya kipimo. Nguvu za mkono hudanganya.

Tano, bolti mpya ikazwe tena baada ya kazi ya siku za kwanza, kwa sababu nyuso hupondeka na kutulia. Nati za gurudumu zitazamwe tena baada ya kilomita 50 mpaka 100.

Sita, palipo na mtetemo mwingi, itumike nati mbili, ile nyembamba ikiwa chini na ile nene juu, zikazwe zikabanane. Au itumike nati yenye pini ya kufungia.

Saba, mstari wa rangi uchorwe kutoka kwenye nati mpaka kwenye bamba. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Mtoto wa shule aweza kupewa kazi ya kuutazama kila Jumamosi, mashine ikiwa imezimwa. Lakini ikumbukwe kwamba mstari mzima si ushahidi kamili, maana bolti huweza kupoteza mbano bila nati kuzunguka. Spana ndiyo iamue.

Nane, bolti iliyokatika isibadilishwe peke yake. Zile za jirani zimebeba mzigo wake, nazo zibadilishwe pamoja.

Wataalamu wataendelea kutengeneza kompyuta zenye uwezo zaidi, na bolti itachorwa humo kwa ustadi mkubwa kuliko leo. Hilo ni jema. Lakini hakuna kompyuta iliyowahi kukaza nati. Mwenye hesabu huandika kwamba kiungo kimebanwa, na mwenye spana hulifanya neno hilo kuwa kweli, leo, na mwezi ujao, na mwaka ujao. Mama anayengoja unga wa Nimule hawajui wote wawili, naye amewategemea.